Chungu cha Mpakani

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Pembe zake zimeliwa na panya, ukili umefumuka, na anayeukalia huinuka na alama mapajani. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, umekunjwa kwapani mwa msafiri, nao unakwenda aendako mwenyewe. Waliotunga methali ya mikeka hii miwili walikuwa watu wa pwani, na hawakupata kuviona vilima vya Ileje katika baridi ya Juni. Hata hivyo, walimjua Mzee Edson wa Ilondo kana kwamba walikula naye sahani moja.

Ilondo na Kasyeto ni vijiji viwili vinavyotazamana kama ndugu waliogombana, kisha wakalazimishwa kulala chumba kimoja. Katikati yao hupita kijito cha Lwimba, chembamba kama uzi wakati wa kiangazi na kikorofi kama nyati wakati wa masika. Kandokando ya kijito hicho kuna bonde lenye udongo mweusi usiokauka hata mwezi wa Oktoba. Bonde hilo lingeweza kuwafanya watu wa vijiji hivyo wachinjane. Kilichowazuia kilikuwa chungu kimoja.

Kila Jumamosi ya mwisho ya Juni, kabla watu hawajashuka bondeni kupanda maharage ya kiangazi, vijiji vyote viwili vilipika pamoja juu ya mafiga matatu yaliyokaa kando ya kijito. Ilondo ilileta unga na maharage. Kasyeto ilileta kuni na ndizi. Chungu chenyewe kililala mwaka mmoja ng'ambo hii na mwaka mmoja ng'ambo ile, na kijiji kilicholala nacho ndicho kilichowasha moto. Siku hiyo kila aliyelima shamba la ng'ambo alimpelekea mwenye shamba kapu la maharage. Mwenye shamba alichota gao moja, ujazo wa kiganja, akalitupia chunguni, kisha akarudisha kapu. Maana yake: lima hadi Juni nyingine. Kama alibaki na kapu, maana yake ilikuwa katafute kwingine. Hapakuwa na karatasi wala muhuri, na mtendaji wa kijiji alikuja kula tu kama wengine.

Tumpe alikuwa mmoja wa waliolima ng'ambo. Shamba lake lilikuwa la Bibi Recho wa Kasyeto, mwanamke mkavu wa maneno, aliyempa mama yake Tumpe shamba hilo zamani, naye Tumpe akalirithi pamoja na kapu. Lilikuwa dogo kama kanga iliyoanikwa, lakini lilizaa kwa hasira. Maharage yake ndiyo yaliyomfikisha binti yake Lusubilo chuo cha uuguzi, na Lusubilo alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu. Kwa hiyo Tumpe hakuihesabu Juni kwa kalenda. Aliihesabu kwa kapu.

Mwaka huo chungu kilikuwa zamu ya Ilondo, na balaa likaanza hapo.

Mzee Edson alikuwa amefanya kazi ya uwakala wa forodha Tunduma kwa miaka ishirini na minane. Alirudi Ilondo na kofia ya ngozi, mazoea ya kuwaamkia watu kwa Kibemba, na imani kwamba jambo lolote lisilo na fomu si jambo. Walimchagua mwenyekiti wa kamati ya sherehe kwa sababu alikuwa na kipaza sauti chake mwenyewe. Wiki ya kwanza ya Juni aliita mkutano kanisani, akapanda mbele na kitabu kikubwa chenye picha.

"Mulishani," alisema, kisha akasubiri kuitikiwa. Watu wakakohoa. "Kitabu hiki tuliletewa na rafiki zetu wa kanisa la Uingereza. Ni historia ya kijiji chao. Maisha yao ya kila siku na sikukuu zao za zamani. Na wageni wawili kutoka kijiji hichohicho watapita hapa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, wakielekea Malawi kwa njia ya Isongole. Nimeahidi tutawapokea kwa heshima."

Kitabu kikapita mikononi. Watu walitazama wanawake waliovaa aproni wakifua kwenye mapipa ya mbao, wanaume wenye mafyekeo marefu wamekaa juu ya nyasi wakila mkate, mkokoteni wa mavuno uliovishwa maua hadi masikioni mwa farasi. Tumpe aliitazama picha hiyo ya mavuno kwa muda mrefu. Aliwapenda wale watu. Nyuso zao zilikuwa na uchovu anaoujua.

"Sasa fungua ukurasa niliokunja," Edson alisema.

Katika picha ile, watu wazima na watoto walikuwa wamesimama penye jiwe wakiwa na fimbo ndefu. Wanaume wawili walikuwa wamemshika mtoto miguu juu, kichwa chini, wakikigusisha kichwa chake kwenye jiwe.

"Wanamfanya nini mtoto wa watu?" aliuliza Gwantwa, jirani yake Tumpe, ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa na mtu yeyote isipokuwa usingizi.

"Hiyo ilikuwa sikukuu ya mipaka," Edson alieleza. "Kila mwaka kijiji kizima kilizunguka mpaka wake kikiimba, kikichapa mawe ya mpakani kwa fimbo. Na mtoto aligongwa kidogo kichwa ili akizeeka akumbuke mpaka ulipo."

"Waligonga kichwa ili kikumbuke," Gwantwa alisema. "Sisi tunashibisha tumbo. Afadhali letu, baba. Tumbo halisahau."

Watu wakacheka. Edson hakucheka. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Ndugu zangu, tufikiri mbali. Mtu atoke Ulaya, apande ndege, aje hapa akute nini? Kina mama wameinama, macho yanatoka machozi, chungu kina masizi kama roho ya mwizi? Mwaka huu tutawaonyesha sikukuu yao wenyewe. Watalia kwa furaha. Chungu tutapika mwakani."

Tumpe alisimama. Hakuwa mzungumzaji wa mikutanoni, lakini miguu yake ilisimama kabla yake.

"Mwenyekiti, Jumamosi hiyo ndiyo siku ya makapu. Tusipopika, tunaolima ng'ambo tutapeleka wapi makapu yetu?"

"Mama Lusubilo, shamba halina miguu. Litakukimbia liende wapi?"

"Halikimbii. Linachukuliwa. Na Kasyeto watakuja na kuni zao na ndizi zao."

"Nitawaarifu. Mambo ya mawasiliano niachie mimi."

"Na wageni watakaa muda gani?"

Edson alikitazama kitabu kana kwamba jibu limo humo. "Saa moja," alisema. "Au nusu saa, kutegemea barabara."

Tumpe alikaa chini. Alihisi hasira ikimpanda taratibu, kama maziwa yanayotaka kufurika, na hakuna wa kuyaondoa jikoni. Mambo ya mwaka mzima yanaachwa kwa sababu ya nusu saa ya watu wanaopita. Alimgeukia mumewe Anyitike ili amsaidie neno. Anyitike alikuwa bado anaitazama picha ya fimbo.

"Zina tepe nchani," alisema kwa mshangao. "Umeona, mke wangu? Tepe."

Siku zilizofuata, Ilondo iligeuka kituko. Wanaume wazima waliofaa kuwa wanatengeneza mifereji walishinda kwenye uwanja wa shule wakijifunza kutembea kwa mistari na kuchapa ardhi mara tatu. Anyitike alichonga fimbo, akaifunga utepe uliotoka kwenye sare ya zamani ya kwaya ya mkewe. Kila Tumpe aliposema neno, alijibiwa kwamba asiwe na roho ngumu, wageni ni baraka. Alipouliza kama Kasyeto wamearifiwa, Edson alimwonyesha simu yake.

"Nimeandika kwenye kundi la WhatsApp. Angalia hapa. Imekwenda."

"Bibi Recho yumo kwenye kundi?"

"Mama Lusubilo, dunia imebadilika. Kila mtu yumo."

"Simu ya Bibi Recho ni ya tochi, mzee. Hata hiyo tochi imekufa."

Edson alishaanza kuongea na mtu mwingine.

Ijumaa jioni Tumpe alipita kanisani kufagia, na hapo ndipo alipokiona chungu. Kilikuwa kimesimama langoni, kimepakwa chokaa kutoka shingoni hadi kitakoni, na juu yake maua mekundu yalichomoza na kuinamisha vichwa kama watu walioletwa mahali kwa nguvu. Chungu hicho kilifinyangwa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, kikabebwa kwa mabega kupanda milima yote ile, enzi za bibi wa bibi zetu. Kilikuwa kimepika shibe ya vijiji viwili. Sasa kilikuwa kimejazwa udongo.

"Kimependeza, sivyo?" Edson alisema nyuma yake. "Picha iko kwenye ukurasa wa arobaini. Kila nyumba ya pale ilikuwa na chungu cha maua mlangoni."

Kuna hasira inayotoka kwa maneno, na kuna ile inayorudi ndani ikakaa. Tumpe alichukua ufagio wake akaenda zake.

Jumamosi kulipopambazuka alijaza kapu lake maharage bora, yale aliyoyachagua moja moja, akamwita Gwantwa. "Twende kwenye mafiga. Angalau Kasyeto wakija wakute mtu wa kuwaeleza."

"Tutawaeleza nini?"

"Sijui. Tutajua tukifika."

Walipofika bondeni, Tumpe alisimama ghafla hata Gwantwa akamgonga mgongoni. Mstari wa vigingi vyeupe ulikuwa umepigwa tangu kwenye majani marefu hadi chini. Haukufuata kijito. Ulivuka kijito, ukaingia ng'ambo, ukazunguka shamba lake lote na kurudi, kama mkono uliochota kitu kisicho chake.

Wakati huohuo nyimbo zilisikika. Watu wapatao sitini wa Ilondo walikuwa wakiteremka kwa mistari, fimbo begani, tepe zikipepea, Edson mbele na kipaza sauti chake. Kwenye kila kigingi walisimama, wakachapa mara tatu, wakashangilia. Anyitike alikuwa safu ya pili, na alichapa kwa bidii ambayo mkewe hakupata kuiona penye jembe.

Edson alipomwona Tumpe, alishusha kipaza sauti, uso umemng'aa.

"Mama Lusubilo, furahi. Nimechunguza ramani ya zamani. Kijito kilihama mwaka ule wa mvua kubwa. Kwa haki, shamba lako ni la Ilondo. Tumekurudishia."

"Nani alikutuma?" Sauti ya Tumpe ilitoka ndogo. "Mzee, nani alikutuma?"

"Ni zawadi ya kamati."

Kabla Tumpe hajajibu, Gwantwa alimvuta kanga. "Tazama juu."

Katika njia ya Kasyeto watu walikuwa wakishuka wakiimba. Walikuwa wengi, wamevaa nguo zao za sikukuu. Wanaume walibeba mizigo ya kuni. Wanawake walibeba mikungu ya ndizi na makapu vichwani. Mbele yao alikuwa Bibi Recho na fimbo yake ya kutembelea, na kando yake mjukuu wake Lusungu, kijana aliyeoa mwezi wa nne na ambaye bado hakuwa na shamba. Walikuwa wanakuja kula. Walipofika ukingoni na kuona sitini wenye fimbo wamesimama ndani ya ardhi yao wakichapa vigingi vilivyopakwa chokaa, nyimbo za pande zote mbili zilikatika kwa pamoja.

Lusungu alitupa mzigo wake wa kuni. Aliruka mfereji, akang'oa kigingi cha kwanza, akakitazama, akang'oa cha pili.

"Kijana, acha mali ya kamati," Edson alisema kwa kipaza sauti, ingawa walikuwa hatua tatu tu.

"Kamati ya nani? Hili shamba la bibi yangu."

"Kuna ramani—"

"Kapikie ugali hiyo ramani."

Wa Kasyeto wengine wakatua mizigo. Wa Ilondo wakazigeuza fimbo zao mikononi, na tepe zikaonekana upuuzi mtupu. Mtu alimsukuma mtu. Anyitike alijikuta uso kwa uso na shemeji yake wa Kasyeto, kila mmoja akiwa ameshika gongo lake, kila mmoja akitamani mwenzake aseme neno la kumruhusu aondoke. Edson alirudi nyuma hatua moja, mbili, ya tatu ikawa mferejini, akakaa ndani ya maji hadi kiunoni na kofia yake ya ngozi ikaanza safari ya kuelekea ziwani.

Hapo honi ikalia.

Wote waligeuka. Juu, kwenye barabara ya mgongo wa kilima, gari jeupe lilikuwa likipita ndani ya vumbi lake. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi na mkono ulikuwa ukipunga. Mkono ule ulipunga kwa upendo wa kweli, mbio mbio, mpaka gari lilipokunja kona ya Isongole na kupotea. Simu ya Edson ililia mfukoni mwake, kwenye maji. Alipoitoa na kuipokea, bado ilikuwa inazungumza. Ilikuwa sauti ya mchungaji aliyefuatana na wageni, ikisema wageni wamechelewa kutoka Mbeya, wanawahi mkutano wao Malawi, wanaomba radhi, wamewaona watu wengi wakicheza ngoma na wamefurahi sana.

Vumbi lilishuka polepole.

Bibi Recho alipiga hatua mbele. Hakupaza sauti. Hakuhitaji.

"Tumekuja kula," alisema.

Aliyatazama mafiga matatu, meusi, baridi, majani yameanza kuota katikati yao.

"Chungu kiko wapi?"

Wa Ilondo wakatazama miguu yao. Mwishowe Gwantwa akasema, "Kiko kanisani, bibi. Kimeota maua."

Tumpe alipita katikati ya watu akiwa na kapu lake. Alipiga magoti mbele ya Bibi Recho kama mama yake alivyomfundisha, akalinyanyua kwa mikono miwili.

"Bibi, mimi sikupiga vigingi hivi. Mungu anajua."

"Najua hukupiga," Bibi Recho alisema. "Na yule mwenye utepe wa kwaya ni mume wa nani?"

Tumpe aliinamisha uso juu ya kapu.

"Huyo mwenyekiti wenu anasema mto umehama. Ni kweli, umehama mara tatu nikiuona kwa macho yangu. Mafiga hayakuhama. Hapo yalipo ndipo mpaka ulipo, na tunaukumbuka kwa sababu kila mwaka tunakuja kula juu yake. Inuka, mwanangu. Kapu hupokelewa kwenye chungu. Halipokelewi kwenye fimbo."

Wakanyanyua mizigo yao na kupanda kilima tena, kuni zilezile, ndizi zilezile. Kumwona mtu akirudi nyumbani na chakula alichokuja kula nawe ni aibu isiyo na jina, na Ilondo iliinywa yote asubuhi ile.

Wiki iliyofuata ndipo waliojifanya hawahusiki walipoanza kuhusika. Familia kumi na mbili za Ilondo zililima ng'ambo. Zote zilikuta miiba imelazwa kwenye njia za kushukia mashambani. Bonde lilikuwa limelowa, tayari kwa mbegu, na kila siku iliyopita ilikuwa siku iliyoibwa. Edson aliita mkutano wa dharura. Alikuja na ajenda saba na kofia mpya.

"Kwanza," alisema, "tuunde kamati ndogo ya usuluhishi—"

"Mzee," Tumpe alimkata, na safari hii alikuwa amesimama kabla ya miguu yake. "Nimeishi na kamati yako kwa mwezi mmoja. Nimechoka mpaka mifupa. Njoo hapa nje unisaidie kitu kimoja tu."

Walitoka, na mkutano mzima ukatoka nyuma yao. Tumpe aling'oa maua yale, akakilaza chungu, akamwaga udongo. Kisha akakiinua juu kuangalia ndani, na jua likamtazama kupitia kitakoni. Palikuwa na tundu, la mviringo, nadhifu, upana wa kidole gumba.

Alikishusha magotini, akakiinamia. Watu walidhani analia.

"Maua yanaoza maji yasipotoka," Edson alisema kwa sauti ndogo.

"Kitabu ndicho kilichosema utoboe?"

"Hapana. Kitabu hakikusema. Niliona tu kwenye picha, nikadhani."

Tumpe alikitwika chungu kichwani hivyo hivyo, na chokaa yake na tundu lake. "Beba unga," alimwambia Edson. Na mtu aliyezoea kutoa amri kwa malori ya Kongo alibeba kiroba cha unga begani, akamfuata mwanamke kushuka na kupanda, mpaka uani kwa Bibi Recho.

Bibi Recho alikipokea chungu miguuni pake. Alipitisha kidole kwenye tundu, kikatokea upande wa pili. Alikichezesha kidole hicho, akakitazama.

"Hiki kilinipikia siku ya harusi yangu," alisema. "Nani alitoboa?"

"Mimi, bibi," Edson alisema. Alivua kofia na safari hii hakuirudisha.

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka wageni watuone watu wa maana."

"Na wamekuona?"

Edson alifikiri. Alikuwa mkaidi, lakini hakuwa mwongo. "Walinipungia mkono," alisema. "Nilikuwa majini."

Kitu kilitikisika kwenye shavu la Bibi Recho, lakini hakikufika kuwa tabasamu. "Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Leteni sufuria ya shule. Moto utauchochea wewe, mwenyekiti, kuanzia cheche ya kwanza mpaka sahani ya mwisho."

Jumamosi hiyo, siku kumi na nne baada ya siku yake, moto uliwaka tena kwenye mafiga matatu. Edson aliuchochea akiwa amepiga magoti, macho mekundu, moshi ukimfuata kila alikosogea kana kwamba una hoja naye. Kila aliyepita alimwamkia kwa heshima zote: "Mulishani, mwenyekiti." Katikati ya mapishi simu yake ililia. Wageni walikuwa wametuma picha waliyoipiga garini. Ilionyesha vumbi, nusu ya kioo, na mbali chini watu wadogo kama siafu wenye vijiti. Aliitazama mara moja, akaizima, akaongeza ukuni.

Makapu yakaanza kupita. Tumpe alipiga magoti, akalinyanyua lake. Bibi Recho alichota gao la maharage, akalitupia kwenye sufuria, nayo yakalia kwenye bati kwa mlio mkali usiofanana na ule wa chungu. Kisha aliliinamia kapu, akaweka kitu ndani, akalirudisha.

Moyo wa Tumpe ulishuka mahali pake. Kapu limerudi. Alichungulia ndani. Juu ya maharage kilikuwa kimelala kigingi kimoja cheupe.

"Kapikie hicho," Bibi Recho alisema. "Kikavu, kinafaa. Shamba ni lako hadi Juni. Lakini ile mistari ya juu, inayokaa na maji, Lusungu ameshapanda."

Tumpe aliinua uso.

"Siku kumi na nne, mwanangu. Udongo uliolowa haungoji wenye fimbo. Kijana ana mke, hana shamba, na wewe hukuwa na kapu kwangu. Ningemwambia nini?"

Tumpe aligeuka kutazama. Kutoka kwenye jiwe hadi kwenye migomba, ile nusu nzuri, ile iliyozaa kwa hasira, ilikuwa imeshatoa vichipukizi vya kijani katika mistari iliyonyooka. Alipiga hesabu kichwani, akaipiga tena, na mara zote mbili mwaka wa mwisho wa Lusubilo uliishia katikati. Ingebidi amwambie binti yake aombe kusubiri. Hakuwa na wa kumlaumu kati ya waliokaa pale upande wa Kasyeto. Lusungu alikuwa akila ndizi na mkewe, akainua sahani kidogo kumsalimu, naye akaitikia.

"Asante, bibi," alisema, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa.

Alikwenda motoni. Anyitike alikuwa amechuchumaa kando ya Edson, fimbo yake imeshageuka ukuni, na utepe wa kwaya ameufunga mkononi kwa aibu ya kuutupa. Tumpe alimpita. Alikitia kigingi chini ya sufuria. Chokaa ikapasuka, ikadondoka vipande vipande, na ndani yake kikaonekana kijiti cha kawaida cha mkaratusi, ambacho kikawaka haraka na kwisha hata kabla maharage hayajachemka.

Juu, barabara ya Isongole ilikuwa tupu. Chungu cha Ikombe kilibaki uani kwa Bibi Recho na tundu lake, hakiwezi kushika mchuzi tena wala maua. Na nusu ya shamba ilikuwa ikichipua kwa mkono wa mtu mwingine, mbele ya macho ya kijiji kizima, ili hata asiyejua kusoma asome: usiache mbachao kwa msala upitao.